Makartoni Arobaini ya Kabambare

Kasimu hakuuza dawa. Wanaosema mabati ya nyumba yake pale Kasongo yametokana na dawa za malaria za watoto wa Kabambare, wajue kwamba mabati hayo yalipigiliwa miaka sita kabla ya mashine za mradi kufika, kwa fedha ya mpunga wa mkewe, Mounira. Hilo kwanza.

Alitunza depo ya dawa ya Kasongo miaka kumi na tisa. Wasukuma baiskeli walipeleka mizigo Kabambare, na baada ya siku nane au kumi walirudi na karatasi yenye sahihi na muhuri. Kazi ilikwenda polepole, lakini karatasi haikusema mzigo umefika wakati bado uko njiani.

Ndipo mradi wa dawa ukaleta tableti, zile kompyuta bapa za kubonyeza kwa kidole. Darlène, aliyetumwa kuwafundisha, alikuwa na furaha tele.

"Papa Kasimu, sasa depo zote zinaonana! Stoki ya Kabambare ikipungua, mashine inaomba yenyewe."

"Na rezo, Mama? Kule rezo iko kama mvua ya mwezi wa saba."

"Itapatikana tu, Papa."

Rezo, yaani mtandao, ilipatikana juu ya kilima tu, na mwenzake wa depo ya Kabambare alikuwa na goti bovu. Alimpigia Kasimu, akampa neno lake la siri. "Kaka, unibonyezee huko huko. Si tunaaminiana?" Tangu ujana wao ndivyo walivyoishi: aliye karibu na kisima humtekea mwenzake. Kwa hiyo kila mzigo ulipotoka Kasongo, Kasimu alibonyeza kwamba umetoka, kisha akabonyeza kwamba umefika. Wakubwa wakaisifu Kabambare kwa kupokea haraka kuliko depo zote. Kasimu akacheka, wala hakuona hatari.

Mwezi wa tatu mto Luama ulifurika, ukang'oa daraja. Makartoni arobaini yakakaa wiki tatu ng'ambo ya huku, chini ya turubai. Kabambare rafu zilikuwa tupu, lakini ndani ya tableti zilikuwa zimejaa pomoni. Na mashine, ilipoona zimejaa, ikaufuta mzigo uliofuata na kuupeleka kwingine. Akina mama walitembea nusu siku na watoto wenye homa, wakarudi mikono mitupu.

Kasimu akampigia mkubwa wake.

"Chef, dawa iko njiani. Tuma nyingine kwa moto, pikipiki ipite njia ya juu."

"Mashine inasema zimefika tarehe sita. Nani amepokea?"

"Hakuna."

"Basi nani amebonyeza?"

"Mimi."

"Kwa neno la siri la nani?"

Kasimu akakata simu. Angejibu, mwenye goti naye angekosa mkate. Alijaribu kuirudisha nyuma hesabu ile. Mashine ikakataa, kwa maana kilichokwisha kupokelewa kimefungwa. Aliandika barua tatu. Akajibiwa kwamba wakati wa karatasi umepita.

Maji yalipopungua, baiskeli zilivuka. Muuguzi wa Kabambare akahesabu na kuandika kwenye karatasi: makartoni arobaini, mawili yamelowa, yote yamefungwa kama yalivyotoka. Siku hiyo hiyo Kasimu alipewa barua ya kuachishwa kazi, kwa kosa la kuandika mapokezi yasiyokuwapo. Kosa hilo alilifanya, na hakulikana. Neno "wizi" halimo katika barua hiyo. Limeongezwa sokoni, na watu ambao hawajawahi kuisoma.

Alifariki mwaka uliofuata, bado akitafuta wa kumsikiliza.

Baada ya matanga, Ibrahim, ndugu wa Kasimu, alimjia Mounira.

"Shemeji, taja jina la yule wa Kabambare. Watu wanatucheka, hata msikitini."

"Wacheke."

"Jina letu linaoza!"

"Jina la Kasimu halifuliwi kwa maji machafu ya jirani. Barua iko, karatasi ya muuguzi iko. Anayejua kusoma aje asome."

"Lakini nani alimpa neno la siri?"

"Nimesema niliyokuwa nayo ya kusema, Ibrahim. Usiniulize tena."