Nyimbo Alizozisikia Mchana

Mjini Kamembe, kwenye mpaka na Kongo, mgeni akitaka kujua ni wapi wanapiga muziki wa vyombo, gitaa la kweli na ngoma ya kweli, wenyeji hawamwambii atafute kwenye simu. Wanamwelekeza kwa Twahiru, fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko. Wageni hushangaa wakimwona. Ni mzee wa miaka sitini na sita, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi, hakosi swala msikitini, na pombe hajapata kuionja. Lakini atakuambia bila kufikiri: Ijumaa nenda hoteli ile ya pale chini, kuna kijana wa Bukavu anapiga vizuri, Jumamosi usiende, wana mashine tu.

Mimi alinishonea suruali za shule tangu darasa la kwanza, na haya mengi nimeyapata nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri.

Mambo yalianza mwaka 1984. Twahiru alikuwa na miaka ishirini na mitano, ndio kwanza amepewa cherehani yake mwenyewe. Siku moja waliingia wanaume wawili wakataka mashati saba ya aina moja, ya rangi ya samawati, yenye mikono mipana. Walikuwa wa Orchestre Mawimbi, bendi iliyopiga kila Jumamosi kwa Maman Izabayo, baa iliyokuwa kwenye barabara ya kuteremkia mpakani. Twahiru aliyapeleka mashati mwenyewe, saa tisa alasiri, wakati bendi ikifanya mazoezi. Shati la mpiga gitaa la solo, mtu mmoja mrefu aitwaye Vénuste, lilimbana kwapani. Twahiru akakaa karibu na mlango kulifumua na kulishona upya. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Aliondoka saa kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata alirudi bila shati lolote mkononi. Na iliyofuata pia.

Habari haikuchelewa kumfikia baba yake, Mzee Ridhwani, aliyekuwa muuza nyama na mtu wa maneno machache.

"Naambiwa unashinda kwa baa," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Unakunywa?"

"Hapana, baba. Niko nasikiliza muziki."

Mzee aliendelea kuosha kisu chake. Alipomaliza akakifuta, akakiweka. "Usiku kule kuna mambo mingi. Uwe umerudi mbele ya adhana ya Magharibi."

Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo mpaka alipokufa, na Twahiru hakuivunja amri hiyo hata mara moja. Kwa hiyo kwa miaka kumi aliisikia Mawimbi mchana tu. Watu walipoanza kuingia, wanawake wakiwa wamejipaka manukato na taa za rangi zikiwashwa, yeye alikuwa keshapanda kilima kurudi nyumbani. Hakupata kuwaona wakicheza. Nyimbo alizijua zikiwa bado na nyuzi za kushikizia: zinaanza, zinakatika, mtu analaumiwa, zinaanza tena. Alijua ni mahali gani mpiga besi hukosea. Alijua ubeti gani Vénuste aliubadilisha mara nne kabla ya kuridhika. Maman Izabayo alimzoea, akawa anamwekea Fanta na kiti palepale karibu na mlango, na wanabendi walimwita "komite," yaani kamati, kwa sababu walipobishana kama wimbo umekaa sawa walimgeukia yeye.

"Komite, unasema nini?"

"Ule mwisho bado," angejibu, na wangerudia.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Vénuste aliuawa mwezi wa Aprili, na wengine wanne wa Mawimbi. Wa sita alivuka kwenda Kongo akafia huko. Akabaki mmoja, Ghislain, mpiga besi. Baa ya Maman Izabayo ikawa duka la saruji. Twahiru aliwahi kuniambia kwamba mwaka mzima hakuweza kushona nguo ya rangi ya samawati. Aliyeleta kitambaa cha rangi hiyo alimwelekeza kwa fundi wa jirani.

Muziki ulirudi polepole. Walikuja vijana waliokulia Kongo, na wengine wakivuka daraja kutoka Bukavu na magitaa mgongoni, wakapiga hapa mwezi mmoja, pale miezi miwili. Ndipo Twahiru alipoanza ile desturi yake ya kuzunguka. Jumamosi alasiri alifunga kibanda, akapita baa moja hadi nyingine akiuliza nani anapiga, saa ngapi, ana watu wangapi. Akisikiliza nyimbo mbili tatu, huyo, anakwenda zake. Mwaka wa korona ulifunga kila kitu. Baa zilipofunguliwa, wenyewe wengi walikuwa wamenunua televisheni kubwa kwa ajili ya mpira, na spika nzito za kupigia nyimbo za kwenye simu.

Ilipofika mwaka jana, palibaki mahali pamoja tu ambapo Twahiru alikuwa hajakanyaga: mgahawa wa Mutoni, kule Gihundwe. Kila Jumapili alasiri walipiga pale igisope, ndivyo tunavyouita huku muziki wa vyombo wa nyimbo za zamani. Kila mtu aliusifu. Twahiru aliwaelekeza wageni huko, lakini yeye mwenyewe hakwenda, na ukimuuliza alikuambia miguu inamuuma.

Jumapili moja ya mwezi wa nane alikuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya safari. Alisema anaitwa Béatrice, ni muuguzi, ametoka Huye kwa basi. Hotelini walikuwa wamemwelekeza kwa fundi.

"Karibu, maman. Uko natafuta nini?"

"Niko natafuta fasi banapiga muziki ya zamani, Mzee. Ya hapahapa. Si ya mashine."

"Ngoja nifunge. Tutaenda pamoja."

Walianzia hoteli moja ya kando ya ziwa. Kijana aliyevaa koti jeupe alikuwa akiimba vizuri mbele ya kinanda, lakini vidole vyake vilipoondoka kwenye kinanda, muziki uliendelea wenyewe. Béatrice alitabasamu kwa adabu. Walitoka, wakapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi baa moja ya mjini iliyokuwa na jukwaa zuri la mbao. Juu ya jukwaa palikuwa na televisheni, na mbele yake watu wanapiga kelele kwa sababu ya penalti.

Walisimama nje, kwenye kivuli. Béatrice alifungua chupa ya maji, akamkaribisha mzee kwanza.

"Mzee, nikuambie kweli," alisema. "Mama yangu alikufa mwezi wa tatu. Siku za mwisho alikuwa naimba kwa pua wimbo mumoja, asubuhi mpaka jioni. Nikamuuliza ni nini. Akasema, ni ya baba yako. Maneno alishasahau. Nilifikiri pengine huku kuna mutu anaukumbuka. Mimi, baba sikumujua, nilikuwa na myaka mitatu."

"Mama yako aliitwa nani?"

"Mukamurenzi."

"Na baba?"

"Vénuste. Alikuwa anapiga gitaa."

Twahiru aliivua miwani yake. Aliisafisha kwa upindo wa shati, akaivaa, akaivua tena. Béatrice alidhani mzee amechoka, akamuuliza kama anataka kukaa.

"Uimbe kidogo," Twahiru alisema. "Ule wimbo."

Aliuimba kwa pua, kwa haya, huku watu wakipita. Hata nusu ya ubeti haikufika, Twahiru akaingia na maneno, sauti yake ikikwaruza:

"Umevuka daraja asubuhi,
kitambaa chako ni cha manjano,
ukirudi jioni nitakujua kwa mbali,
hata ungevuka na watu mia..."

Béatrice alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Twende Gihundwe," Twahiru akasema. "Kule nilipaswa kukupeleka tangu mwanzo."

Mgahawa wa Mutoni ni ua wenye meza za plastiki, harufu ya isambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokaangwa, na familia zilizotoka kanisani zikiwa bado na nguo zao nzuri. Kwenye kona walikaa wanaume watatu: mmoja na gitaa, mmoja na ngoma, na wa tatu, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe, ameegemeza besi kwenye paja. Twahiru alisimama langoni. Béatrice aliniambia baadaye kwa simu kwamba alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji baridi.

Wimbo ulipokwisha, mzee wa besi aliinua macho.

"Komite!" alisema. Hakusema kwa nguvu, lakini wenzake wote wawili waligeuka. "Myaka mingapi niko hapa? Sita! Kila mutu anakuja, wewe hapana. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, Ghislain. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuwa nabasikia saba. Niliogopa nije nisikie mumoja."

Ghislain alisogeza kiti kwa mguu, Twahiru akakaa. Kisha Twahiru akamwonyesha mwanamke aliyesimama nyuma yake.

"Huyu ni mutoto wa Vénuste."

Ghislain aliiweka besi chini taratibu, akasimama, akamshika Béatrice mabega yote mawili akamtazama muda mrefu. "Paji la uso ni lake," alisema mwisho. "Ni lake kabisa."

Alipoambiwa ni wimbo gani unatafutwa, Ghislain aliukumbuka mara moja, lakini vidole tu ndivyo vilivyokumbuka. Maneno hakuwa nayo. "Mimi nilikuwa napiga, sikuwa nasikiliza," alisema. Basi Twahiru akayasema, mstari kwa mstari, na mpiga gitaa, ambaye hakuwa amezaliwa bendi ile ilipokuwapo, akayaandika kwenye karatasi ya Mutoni ya kuandikia vyakula. Walijaribu. Walikatika. Twahiru akainua mkono.

"Hapana, pale gitaa inangoja. Vénuste alikuwa anangoja kidogo, halafu ndio anaingia."

Walirudia. Mara ya tatu wimbo ulikaa sawa. Watu waliacha kula. Mama mmoja mzee aliyekuwa na wajukuu wake alianza kupiga makofi taratibu akiwa ameketi, amefumba macho, na Mutoni mwenyewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Béatrice alikuwa amewasha simu kurekodi, kisha akaisahau mezani, Mutoni akaichukua akamshikia.

Baada ya ubeti wa pili Twahiru alinyamaza.

"Inaishia hapo," alisema. "Ubeti wa tatu alikuwa bado hajaupata. Kila mazoezi tulikuwa tunasimama hapo."

"Aliupata," Ghislain alisema.

Twahiru aligeuka.

"Aliupata, Komite. Aliuimba usiku, Jumamosi ile Mukamurenzi alizaa. Mazoezi hayakuwa siku hiyo, Vénuste alikuwa hospitali. Alikuja moja kwa moja jukwaani, shati haijafungwa vifungo. Wewe ulikuwa umesharudi nyumbani, na wimbo ulikuwa umeisha, kwa mazoezi hatukuurudia tena."

Alishika besi tena akaanza kutafuta, macho juu. Alipata mstari mmoja na nusu:

"Sasa mnavuka wawili, mmoja amelala mgongoni,
nitapunguza sauti ya gitaa..."

Hapo akakwama. Alianza tena, akakwama palepale. Alijaribu mara nyingi, hata wenzake wakaacha kupiga wakimngoja. Kisha akatikisa kichwa. "Imeenda," alisema. "Ilikuwapo, imeenda."

Béatrice alilia hapo, ndipo, si kabla. Alilia ameinamisha kichwa mezani, na Twahiru, ambaye hana desturi ya kumgusa mwanamke asiye ndugu yake, aliuweka mkono wake kwenye mgongo wa kiti na kuuacha pale mpaka alipotulia.

"Inatosha, Papa Ghislain," Béatrice alisema, akijifuta. "Sikujua kama niko ndani ya wimbo."

Alirudi Huye kesho yake kwa basi la asubuhi. Tangu hapo hupiga simu kila baada ya wiki mbili, na mara nyingi humwomba Twahiru ampe Ghislain, kwa sababu anajua watakuwa pamoja. Ghislain sasa huja kibandani siku za kazi, anakaa kwenye benchi letu la kusubiri, na wawili hao wanafufua nyimbo za Mawimbi. Mmoja anapiga besi kwa mdomo, mwingine anatafuta maneno, na mke wa Twahiru, Maman Karim, ndiye anayeandika, maana mwandiko wake ndio unaosomeka. Mpaka sasa wamepata kumi na moja. Baadhi zina mashimo. Hawayazibi kwa maneno yao. Maman Karim anaacha nafasi nyeupe na kuendelea na mstari unaofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda Gihundwe Jumapili. Nilimkuta Twahiru amekaa karibu kabisa na gitaa, mahali ambapo spika zinaumiza masikio, na Maman Karim pembeni yake anakula samaki. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Bukavu kumtembelea mwanawe alisogea kwenye kona, akawaambia kwamba mstari fulani wameukosea, kwamba yeye aliucheza wimbo huo na mchumba wake kwa Maman Izabayo na anaukumbuka vizuri. Ghislain alikataa. Mgeni alishikilia. Walibishana mpaka chakula kikapoa.

"Komite, unasema nini?" Ghislain aliuliza.

Twahiru alimtazama mgeni, akavuta kiti kingine karibu.

"Kaa, papa," alisema. "Imba vile uliisikia."