Neno la Siri Nisiloweza Kulitaja

Aibu hii ningeificha, wenzangu, ningeificha mpaka nizikwe nayo, lakini utaifichaje aibu iliyosikika kwenye redio ya upepo kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, Kasanda wakaisikia, Nyabibuye wakaisikia, na mpaka leo nikienda mnadani kuna mtu mzima na ndevu zake akiniona anaanza kukohoa kwenye ngumi? Basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana wanaonisimulia wanaongeza chumvi (mmoja anasema nililia, sikulia, lile lilikuwa tope machoni).

Nilikuwa mlinzi wa kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Kasulu, kituo chenye wodi ya wazazi, Landrova moja, na redio mbili za upepo, moja ofisini na moja garini. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alinichapa nikakimbilia kuchunga mbuzi, mbuzi hawakunichapa, nikabaki huko. Lakini redio nilifundishwa: unabonyeza kitufe, unasema, unamalizia na ova, unaachia kitufe, unasikiliza. Ukisahau kuachia husikii kitu, na wenzako wote wanakusikia unavyohema.

Sasa miaka ile ya tisini porini kulikuwa na watu wa bunduki. Walikuwa wakina nani sijui, kila mtu alikuwa na wake wa kuwasingizia, mimi najua tu kwamba walikuwa wanalaza gogo barabarani na kusubiri. Na redio kama yetu walikuwa nayo, waliinyang'anya mahali, kwa hiyo kila tulichosema na wao walikuwa wametega sikio. Siku moja ikaingia sauti ya upole kabisa, tuna mama anavuja damu, leteni gari. Gari likaenda. Hapakuwa na mama wala damu. Dereva wetu wa wakati ule alirudi kwa miguu, amevaa chupi na soksi, hakuaga mtu, akaendelea kutembea hivyohivyo kwenda kwao (gari tulilikuta baadaye limetupwa porini).

Ndipo likawekwa neno la siri. Yeyote anayeomba gari kwenye redio, au anayegonga geti, lazima ataje neno kwanza. Neno la kwanza lilikuwa "jembe jipya". Likavuja. Lilivuja vipi sijui (najua, lilivujia kwenye lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ambako ulimi wangu unalegea kama kamba ya mgomba iliyolowa). Ikafika mahali watoto wakitoka shule wanapita getini wanaimba, "Mzee, jembe jipya! Fungua!" Daktari akaniita. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee, neno libadilishwe leo. Na likitoka tena, wewe utatoka nalo."

Nikarudi kwenye kibanda changu cha geti. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, na mlinzi aliyefukuzwa kwa mdomo mpana atapata kazi wapi tena? Nikafikiri, nikafikiri, na wazo lililonijia, jamani, nililiona la akili nyingi mno. Sisi Waha mwanaume hamtaji mama mkwe wake jina. Humtaji, humwangalii usoni, huli mbele yake, mkikutana njiani wewe unaingia majanini mpaka apite. Nikajiambia, mimi nikilewa nitasema yote, nitasema mpaka mambo ya baba yangu, lakini jina lile halitatoka hata nikilewa vipi, limefungwa tangu siku nilipoposa. Na kazi yangu mimi ni kuuliza neno, si kulijibu. Basi neno la siri litakuwa jina lile. (Na hapa pia silitaji, msinisumbue.)

Wa kwanza kuambiwa walikuwa wawili: nesi Adela, ambaye mchana ndiye aliyekaa kwenye redio, na Saidi, dereva mpya, mtu wa Ujiji, mcheshi, mwenye kofia ya kiua na maneno mengi.

"Saidi," nikasema, "unamjua mama wa mke wangu, kule Nyakitonto?"

"Yule anayeniuzia maharage? Namjua sana." Akalitaja jina, palepale, kwa sauti.

Nikaziba masikio. "Ndilo hilo."

"Ndilo lipi?"

"Hilo ulilosema. Ndilo neno."

Saidi alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Yaani geti linafunguka kwa mama mkwe! Mzee, nyie watu wa huku mna mambo!" Adela hakucheka sana, yeye ni Mha wa Kibondo, alinitazama akasema, "Mzee, wewe utakuja kujuta." Mimi nikaongeza ukali, nikataka daktari anione: "Na bila neno hakuna gari. Hata ikija sauti yangu mimi mwenyewe, inafanana na yangu kabisa, bila neno msinijibu. Wale watu wanajua kuigiza sauti." Wakakubali, na kila kituo cha wenzetu mpaka Kibondo kikapelekewa neno kwa mkono, pamoja na maelezo (haya ni ya Saidi) kwamba mlinzi wa Kasulu yeye halitaji, wasimlazimishe. Kila mtu alijua. Nilijiona shujaa.

Sasa siku yenyewe. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Nyakitonto kuvuna maharage, nilimkataza hakusikia, na uchungu ukamshika kabla ya wakati. Habari ililetwa na mtu wa baiskeli. Saidi akawasha gari, daktari akaniambia nenda naye, ni mke wako. Tukamkuta analia chini chini, na mama yake kando yake, na yule mama akasema hamwachi mwanawe. Basi wakapanda nyuma, mke wangu kwenye godoro, mama mkwe pembeni amejifunika kitenge kichwani na kutazama nyuma tulikotoka, mimi mbele natazama mbele, tumepeana visogo kama inavyotakiwa. Akitaka kuniambia kitu anakipitisha kwa binti yake. "Mwambie mumeo amwambie dereva apunguze mwendo." Na mke wangu, huku anauma kitambaa, ananiambia, "Mama anasema dereva apunguze mwendo."

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kijito, penye daraja la magogo, gogo moja likageuka, tairi la nyuma likazama mpaka gari likakaa kwa tumbo upande wa nyuma, pua juu. Saidi akazunguka, akatingisha kichwa. "Hapa panataka watu na majembe. Narudi kijijini. Wewe piga redio, waombe lile lori la parokia, mama asizalie hapa." Akapandisha suruali, akakimbia. Alipopinda kona, pori likanyamaza. Mnajua pori likinyamaza? Hata ndege wanakaa kama wanajua kitu. Upande wa pili wa kijito nikaona majani yamelazwa, kama watu wamepita humo karibuni.

Nikashika redio. "Kasulu, Kasulu, gari hapa. Tumekwama darajani. Leteni lori, mama ana uchungu. Ova."

Sauti ya Adela ikaja safi. "Nakusikia. Taja neno. Ova."

Wenzangu, ndipo nilipokumbuka. Ule waya wa redio ni mfupi, umejiviringa kama mkia wa nguruwe, haufiki nje ya mlango. Na nyuma yangu, hatua mbili, yuko mwenye jina.

"Adela, ni mimi. Unanijua sauti. Ova."

"Wewe mwenyewe ulisema tusiamini sauti. Taja neno. Ova."

"Ni lile la yule... la kule kwa maharage. Ova."

"Hilo si neno. Taja neno. Ova."

Mke wangu nyuma akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Nikamgeukia (macho nimeyafumba nisimwone mama yake), nikamwambia, "Mke wangu, tafadhali, sema jina la mama yako hapa kwenye hiki kidude."

"Nini?"

"Jina lake. Mara moja tu."

"Umerogwa? Mimi nazaa, wewe unataka nimtaje mama yangu jina mbele yake? Piga redio, we mwanaume!"

Kumweleza ni kumweleza na mama yake. Majani ng'ambo yakatikisika. Labda upepo. Nikabonyeza kitufe, nikavuta pumzi, na nikalitaja. Nililitaja lote, jina la kwao na la ubatizo, nikasikia limetoka kwenye meno yangu kama si langu. Hata mke wangu aliacha kulia.

Adela akauliza: "Wewe ni nani?"

"Ni mimi! Mlinzi! Nimetaja neno! Ova!"

"Mlinzi wetu hawezi kulitaja jina hilo, kila mtu anajua. Mmemfanya nini mzee wetu, nyie watu? Mmempiga mpaka akawaambia?" Sauti yake ikakatika, nikasikia anaita, "Daktari! Daktari! Wamemkamata mzee!"

"Adela! Ni mimi! Adela!"

Hakuna jibu. Halafu sauti nyingine, nzito, ya mbali: "Kasulu, Kasulu, Kasanda hapa. Tumesikia. Poleni sana. Alikuwa mzee mwema. Ova." Na Nyabibuye wakaingia, "Poleni, Mungu amrehemu. Ova." Mimi nimekaa na kidude mkononi, nasikiliza msiba wangu.

Nyuma mama mkwe akakohoa. "Mwambie mumeo," akasema polepole, "jina langu amelipeleka Kibondo kufanya nini?"

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Hupaswi kusikia," mke wangu akasema, na uchungu ukamrudia.

Tulikaa hivyo, sijui kwa muda gani, hofu haina saa. Mama mkwe akamkanda mwanawe mgongo, akawa anamwambia maneno ya Kiha ya kumtuliza, mimi nimekodoa macho ng'ambo ya kijito. Halafu nikasikia injini, mbali, upande wa Kasulu. Ikazimika. Haikuja. Gari la kukusaidia linakuja mpaka kwako; hili lilizimika mbali, na baada ya hapo nikasikia miguu ya watu wengi ikija taratibu kwenye majani, watu wasiotaka kusikika. Nikajua ndio wale. Wamesikia kwenye redio yao kwamba gari limekwama, wamekuja.

Hapa ndipo ningependa kuwaambia nilichukua panga. Panga lilikuwepo, chini ya kiti. Nilifungua mlango kimyakimya, nikashuka, na nikaingia chini ya gari. Tope lilikuwa mpaka masikioni. Nikalala kifudifudi, nikawa naona miguu tu.

Kutoka majanini ikatoka sauti ya mwanaume, kwa ukali: likatajwa jina. Halafu sauti nyingine, upande mwingine, jina lilelile. Pori zima linamwita mama mkwe wangu! (Ilikuwa ndiyo desturi tuliyowekeana, kujitambulisha kwa neno, lakini mimi kwa hofu akili ilikuwa imehama.) Na nikaona miguu ya yule mama ikishuka, mmoja, halafu wa pili, nyayo zake zilizopasuka kwa kulima, zikasimama kwenye tope mbele ya mlango wa mwanawe. Nikaona pindo la kitenge likikazwa.

"Ndi hano!" akaita kwa nguvu. "Niko hapa! Ndiye mimi! Mnanitakia nini?"

Wakatokea: sungusungu wa mtaa wetu na pinde zao, mishale imeshavutwa, polisi wawili, dereva wa lori la parokia na rungu, na daktari mwenyewe na koti lake jeupe. Wamekuja kuuchukua mwili wangu.

"Mama," daktari akasema, "wako wapi majambazi?"

"Sijaona jambazi. Kuna mwanangu anazaa, na kuna mkwe yuko chini ya gari."

Walinivuta kwa miguu. Suruali ilibaki kwenye springi. Na Saidi ndiyo anafika na watu wake wa majembe, nusu ya Nyakitonto, wanaume kwa wanawake, ananiona nimesimama katikati ya pinde, tope mwili mzima, naficha mbele kwa kofia ya polisi. "Mzee," akasema, "yule dereva aliyenitangulia si alibaki hata na soksi?"

Sitaeleza walivyocheka. Walicheka huku wanambeba mke wangu kwenda kwenye lori, na mke wangu naye, katikati ya maumivu yake, alicheka, na nesi mmoja alisema baadaye kicheko kile kilisaidia. Mtoto alizaliwa wodini, jua bado liko juu, wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Kwa hilo nashukuru mpaka kesho.

Nilijiandaa kwa suala la jina. Nilimwomba mzee wa ukoo wetu anisindikize, tukapeleka mbuzi na mtungi wa lubisi (sikuonja) kumwomba msamaha mama mkwe kwa kumtaja. Nikakaa nje, nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Akampokea mzee wetu vizuri. Halafu, jamani, akapita kando ya mzee wetu, akaja mpaka kwenye ukuta, akasema nami moja kwa moja, bila kumpitishia mtu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Jina si kitu. Jina limeleta lori, mwanangu amezaa salama. Mbuzi wako rudi naye. Lakini panga ulikuwa nalo, na mke wako alikuwa ndani. Chini ya gari ulikwenda kutafuta nini?"

Mbuzi alilia badala yangu. Tukarudi naye.

Neno la siri tulilibadilisha siku hiyohiyo, na tangu hapo sijakubali neno la siri ambalo ni jina la mtu, mkwe wala asiye mkwe, na lubisi nakunywa nyumbani, mke wangu akiwepo. Na chini ya gari siingii tena. Wajukuu wanacheza mpira karibu na Landrova mbovu ya jirani, ukiingia chini yake wananiita, babu tutolee, nawaambia utoeni wenyewe, mimi nimesimama hapa mlangoni, mke wangu yuko ndani, na hapa sibanduki.