Plasta ya Mjomba

Ngome ya kale imebaki nusu ya mnara mmoja, na nusu hiyo ndiyo ukuta wa nyuma wa chumba cha bibi yangu. Waliojenga nyumba yetu waliona ukuta wa bure, wakajenga kuta tatu tu na kuziegemeza hapo. Mawe ya mnara yameshikwa na chokaa tupu, na chokaa ikizeeka hupukutika unga. Bibi aliamka na unga kwenye nywele, kwenye kope, hata kwenye maji ya kunywa. Kifua chake kilikuwa kibovu, na kikohozi kilikuwa kinammaliza.

Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, ni fundi mwashi. Maisha yake yote amejenga kwa saruji, na kwa plasta hana mpinzani. Hata wasiompenda humwita kwao. Mama yake akohoe vumbi, naye yupo? Alipiga ukuta ule plasta ya saruji toka sakafuni hadi darini, laini kama sahani. Bibi akalala bila kukohoa. Tulimsifu mjomba mpaka akaona haya.

Tatizo lilikuwa juu. Mnara hauna paa. Mvua iliingia kileleni kama siku zote, lakini zamani ukuta ulitoa maji kidogo kidogo kupitia ile chokaa. Sasa yalifungiwa ndani.

"Mwanangu, ukuta wako una mimba," Bibi alisema akicheka. Kweli ulikuwa umetoa tumbo, juu ya kitanda chake.

"Ni hewa tu, mama. Nitaongeza mkono mmoja wa plasta."

Nilimwomba Bibi ahamie chumbani kwangu.

"Nimkimbie mwanangu? Hii si kazi yake?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjomba aliziba, akaziba tena. Hasira zangu nimewamalizia wahenga, yeye simwezi.

Ukuta ulianguka mchana, Bibi akiwa amejipumzisha. Plasta ilishuka nzima, na mawe nyuma yake. Mjomba alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Alipomfikia Bibi, alikuwa ameshakata roho.

Msibani majirani walimpa pole: "Jikaze, fundi. Ni kazi ya Mungu." Jirani wa mwisho aliporudia maneno yale, mjomba aliinua uso.

"Mungu hakushika mwiko," alisema. "Niliushika mimi. Na mama alinishukuru."