Shangazi wa Wilondja

Wilondja ni mtu wa salamu. Akikukuta kituo cha treni cha Minto atakushika kwa mikono miwili, atauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za wale uliowaacha Kenya, na treni yako itakuwa imeondoka. Nayasema haya mapema usije ukadhani ninayemsimulia ni katili. Katili ningemheshimu kidogo. Wilondja ni mwoga mwenye adabu, na mtu wa namna hiyo sijui hata dawa yake.

Nilimfahamu miaka tisa iliyopita kule Fairfield, kwenye ofisi inayowapokea wakimbizi. Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa kufunga mdomo. Yeye alikuwa ametoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alikokaa miaka kumi na minne baada ya kukimbia kwao Fizi, mashariki ya Kongo, na alikuja darasani na mkewe Aline, wote wawili wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Mwalimu alikuwa binti wa Kizungu mwenye roho nzuri na picha nyingi ukutani. Akaeleza kwamba nchi hii ya kangaruu ina watu wake, waliokuwapo kabla ya Wazungu, wakanyang'anywa ardhi, wengine hata watoto. Nikatafsiri: wenyeji. Wilondja akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Sasa kama bale ndio benyeji, juu ya nini habakukuya kutupokea ku uwanja wa ndege?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Yule binti alipotafsiriwa swali akawa mwekundu, akatafuta picha nyingine.

Tangu siku hiyo, kwa Wilondja, mwenyeji ni Mzungu. Mzungu ndiye aliyempa viza, nyumba Minto na friji yenye milango miwili. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, naye akajitolea kumponya Mzungu kwa kila hali. Kila Januari, sikukuu ya taifa, alijipaka bendera shavuni, akachoma nyama bustanini. Wale wengine, waliokuwapo kabla ya Wazungu, aliowaona wamekaa kwenye benchi za Campbelltown, aliambiwa na majirani kuwa ni walevi, wezi, wavivu wanaokula pesa za serikali. Aliamini jioni ileile. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa anakula pesa za serikali, na majirani walewale, akishawapa kisogo, walisema hayohayo juu ya Wakongo. Nyani haoni kundule.

Nisijitie utakatifu. Kwetu Kenya tunao Wadorobo, wawindaji wa msituni waliotutangulia, na jina hilo tunarushiana kama tusi. Babu yangu aliitwa skwota, mkaazi asiye na haki, kwenye shamba la mlowezi, juu ya udongo alimozikwa babu yake yeye. Na bado mimi, mjukuu wa skwota, nilikaa miaka mitano huku Quakers Hill, nikipalilia maua yangu, kabla sijamwuliza mtu yeyote pale palikuwa pa nani.

Wilondja alipata kazi ya ulinzi kwenye jengo la maduka, si mbali na kwake. Mtihani wa Kiingereza wa kupata leseni ya ulinzi ulimwangusha mara tatu, mara ya nne akapita, na Aline akapika wali kwa watu thelathini. Siku moja nilipokwenda huko kununua viatu nilimkuta mlangoni, shati jeupe, redio kiunoni, chini ya kibao cha shaba. Akaniomba nimsomee kile kibao, maana alisimama chini yake siku sita kwa wiki bila kujua kinasema nini. Nikamsomea: jengo hili linawatambua Wadharawal, walinzi wa jadi wa ardhi hii.

"Balinzi?" akashtuka. "Ba kampuni gani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa na wasiwasi kwamba kuna watu wanaonyatia mkataba wao.

Msimamizi wake aliitwa Darren. Darren hakuwahi kutaja rangi ya mtu. Hayo amefundishwa kwenye semina. Alisema tu, "Wafuateni wale mnaowajua." Na Wilondja akawajua haraka sana. Aliwafuata wale wa benchi za Campbelltown kwenye sabuni, aliwafuata kwenye nyama, aliwafuata mpaka choo. Jumamosi, akiwa amevaa nguo zake za kawaida, aliingia duka la televisheni jengo jingine, na mlinzi wa huko akamfuata yeye hatua kwa hatua. Nilimwuliza alijisikiaje. Akasema yule kijana anafanya kazi yake vizuri, akaongeza kwamba ni Mnepali.

Sasa nikuletee Anti Lorna. Ni mama wa miaka sabini na kitu, Mdharawal, anatembea na kigari cha kushikilia, na kila Jumanne huja kwenye jengo lile kuchukua dawa zake. Daktari wake yuko ghorofa ya juu, duka la dawa liko chini, na mfamasia humpangia vidonge vya wiki nzima kwenye pakiti. Kwao mama mzee anayeheshimiwa huitwa Anti, na jengo zima lilimwita hivyo, hata wasichana wa kaunta.

Hapo ndipo Wilondja aliponaswa. Nyumbani kwake, akila, alisema mama yule ana macho ya mwizi. Lakini ulimi wake ulilelewa na mama wa Kibembe, kabila la kwao Fizi, na ulimi huo hauwezi kumwita mwanamke mzee kwa jina tupu. Kila Jumanne aliinama kidogo, akatoa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza, "Habari ya asubuhi, shangazi yangu." Yangu, kwa sababu kwetu shangazi haning'inii hewani, lazima awe wa mtu. Anti Lorna aliipokea ile mikono na kumwuliza habari za watoto. Alijua majina yao wote wanne.

Jumanne moja mwezi wa Agosti, duka moja la juu liliwaita walinzi kwa redio: mwanamke mweusi, kigari, ametoka na blanketi la mtoto bila kulipa. Wilondja akamsimamisha mlangoni. Anti Lorna akatoa risiti kwenye pochi, akampa. Wilondja akaisoma mara mbili: blanketi, bei, tarehe ya siku ile, pesa taslimu. Akamruhusu aende. Risiti akabaki nayo ili aambatanishe na ripoti, akaitia mfukoni, akaisahau, na Aline akaifua pamoja na suruali.

Ripoti aliandika mwenyewe kwenye simu, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ilikuwa na mistari miwili: Nimesimamisha shangazi yangu Lorna. Karatasi nzuri, ameenda.

Ungedhani mtu angecheka, akamwita, akamwuliza maana yake. Darren alisoma "shangazi yangu" na kila kitu kikawa wazi kwake. Mlinzi mweusi amemwachia mwizi mweusi, kumbe ni ndugu! Mtu aliyetoka ziwa Tanganyika na mama aliyezaliwa kando ya mto Georges, ukoo mmoja, na hakuna hata mmoja ofisini aliyeona ajabu. Nao ni watu wenye digrii. Wilondja akaitwa kikaoni kwa kosa la kumficha jamaa yake, na Anti Lorna akaitwa kwa kosa la wizi. Adhabu ya mama ilikuwa imekwisha kuchapwa, bado saini: miezi kumi na miwili asikanyage jengo. Hiyo maana yake daktari na dawa atafute kwingine, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na kigari chake. Kamera ya mlango ule ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Dukani hakuna aliyejisumbua kwenda kuangalia mauzo ya siku ile.

Wilondja akaomba mkalimani, wakanituma mimi.

Kanuni zinakataza mkalimani kuongea na mteja nje ya chumba. Lakini Mswahili gani ataketi koridoni na mwenzake nusu saa bila hata shikamoo? Anti Lorna alikuwa kiti cha pili kutoka kwetu, mikono juu ya kigari. Wilondja alijua mama yule haelewi Kiswahili.

"Mama Mbula," akaninong'oneza, "banasema niko mutoto ya ndugu ya ule mama! Mimi! Angalia hata pua yetu!"

"Na blanketi aliiba?"

"Hapana. Risiti nilishika na mukono yangu. Alilipa."

"Basi sema hivyo."

Akanitazama kama nimemwambia aruke dirishani. "Nikimutetea batasema, unaona, ni shangazi yake kweli. Contrat ya kazi inaisha. Na uraia, interview iko mwezi ujao." Kisha akaiga uso wa Darren aliposoma ripoti, macho yamemtoka, shingo imevimba. Aliiga vizuri mno. Nikacheka kwa sauti.

Tukaitwa wote ndani. Meneja wa jengo, mwanamke mwenye sauti laini, alianza, kama ilivyo desturi ya vikao huku, kwa kuwatambua Wadharawal, wazee wao waliopita na waliopo. Alisoma kwenye kadi. Mzee aliyepo alikuwa amekaa mita moja mbele yake, anashtakiwa kwa blanketi. Kisha meneja akamgeukia Wilondja.

"Huyu mama ni shangazi yako?"

Lazima nieleze jambo moja la kazi yangu. Mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi". Maneno ya mteja yanatoka kinywani mwangu kana kwamba ni yangu, ndiyo sheria.

"Hapana," Wilondja akasema. "Siko ndugu ya bale. Bale tuko tunaita kwetu Batwa."

Nami nikasema kwa Kiingereza safi, Anti Lorna ananiangalia: "Hapana. Mimi si ndugu wa watu hao. Kwetu watu kama hao tunawaita Batwa."

"Batwa ndio nani?" Anti Lorna akauliza.

Nikamtafsiria Wilondja. Akajikuna shingo. "Ni batu ba pori. Maskini. Habanywi na sisi mu kikombe moja. Balikuwa pale mbele sisi tufike."

"Ni watu wa porini," nikasema. "Maskini. Hawanywi nasi kikombe kimoja. Walikuwa pale kabla sisi hatujafika."

Anti Lorna akacheka, kicheko kirefu cha kifuani mpaka akakohoa. "Basi ni sisi kweli," akasema. "Amepatia."

Meneja hakucheka. Akasogeza ile ripoti katikati ya meza, akaweka ukucha kwenye mstari wa pili. "Hapa umeandika, karatasi nzuri. Karatasi gani?"

Anti Lorna akaacha kucheka. "Risiti yangu," akasema. "Nilimpa mkononi. Mwulizeni."

Chumba kizima kikamgeukia Wilondja, na Wilondja akanigeukia mimi. Hajawahi kunitazama vile, hata Fairfield siku za kwanza, alipokuwa hajui jinsi ya kupanda basi. Nilitamani kumkanyaga mguu chini ya meza. Sikumkanyaga.

"Ni karatasi yangu ya kazi," akasema. "Leseni. Nilimuonyesha leseni yangu. Risiti sikuona."

Darren alikuwa tayari ananiangalia, kalamu mkononi. Kisha nikasema, kwa sauti ileile niliyotumia asubuhi nzima: "Ni leseni yangu ya kazi. Nilimwonyesha leseni. Risiti sikuiona."

Basi ikawa imekwisha. Darren akampiga Wilondja begani, akamwambia siku nyingine aache utani wa shangazi kwenye ripoti. Meneja akaitia saini karatasi ya miezi kumi na miwili, akasema anasikitika sana, nadhani alisikitika kweli, akauliza kama Anti Lorna ana neno.

Nilitegemea amtukane Wilondja. Nilikuwa hata nimeshayatayarisha matusi ya Kiswahili, na ningeyatafsiri kwa raha. Lakini hakumtazama kabisa. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akashika kigari, akasimama. Kisha akanigeukia mimi.

"Kule koridoni," akasema, "nilielewa neno moja tu la lugha yenu. Risiti. Baadaye ukacheka. Alikuambia nini?"

Meneja akaniangalia. Wilondja akatazama viatu vyake. Swali lilikuwa la Kiingereza na jibu lingekuwa la Kiingereza, hakukuwa na mtu wa kumtafsiria.

"Samahani, Anti," nikasema. "Mimi ni mkalimani tu."

Kwa siku nzima ile, hiyo ndiyo mara pekee niliyosema "mimi" na kumaanisha mimi mwenyewe, Mbula.