Bahari Niliyoipika Mutuini

Niliipika Bahari ya Hindi jikoni kwetu Mutuini, siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, nikiwa bado na sare ya shule. Nilitumia sufuria ya ugali, maji ya mtungi na chumvi karibu pakiti nzima. Kabla hujanihukumu, ngoja kwanza nikwambie bahari ya kweli ilienda wapi. Halafu unihukumu vizuri.

Mama yangu hajawahi kuona bahari. Alipokuwa kidato cha tatu huko Ukambani, shule yao ilipanga safari ya Mombasa, na siku moja kabla ya kuondoka matubwitubwi yakamvimbisha mashavu yote mawili. Wenzake wakaenda. Wakarudi na chupa za maji ya chumvi, kila mtu na yake, kwa sababu sisi watu wa bara ndivyo tulivyo: ukituonyesha bahari lazima tuionje tuhakikishe, kisha tuwabebee wa nyumbani nao wahakikishe. Rafiki yake mmoja alimletea kijiko hadi kitandani. Mdomo haukufunguka.

Kwa hivyo shule yangu ilipotangaza safari ya Lamu, mama aliosha chupa moja ya plastiki mwezi mzima. Anafanya kazi ya kupanga mafaili katika ofisi moja Upper Hill, na chupa hiyo aliipanga vilevile, kabatini, peke yake, kifuniko chini. Jioni ya mwisho akanipa ikiwa ndani ya soksi.

"Nijazie bahari," akasema. "Na si ya pale pembeni wanapoosha punda. Ingia ndani kidogo."

"Mum, sijui kuogelea."

"Si nimesema kidogo?"

Susu, yaani nyanya yangu, mama yake mama, ambaye anaishi nasi yeye na magoti yake, akaitikia kutoka kitini: "Na yangu ya kukanda magoti isisahaulike."

Lamu ni mji ambao mtu kama mimi hafai kupelekwa. Vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba punda akija, wewe ndiye unayerudi nyuma. Nilikutana na mmoja aliyebeba mawe ya ujenzi, tukatazamana, nikamwambia, "Niaje?" Hakujibu. Nilirudi kinyumenyume hadi nilikotoka, darasa zima likinicheka. Mwalimu wetu wa historia naye alisimama mbele ya kila mlango wa mbao uliochongwa. Milango ya Lamu ni mingi. Kwenye wa kumi na moja miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, na ubongo ukaanza kutafuta kazi.

Nikabisha mlango mmoja kwa nguvu, nikatoroka.

Kule Mutuini mchezo huu una kanuni: unabisha, unaruka ua, unapotelea kwenye shamba la mahindi. Lamu hakuna mahindi. Nilikata kushoto, nikakata kulia, nikakata kushoto tena, nikatokea palepale. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akiningoja, mama mmoja mtu mzima aliyevaa leso mbili.

"Umerudi?" akasema. "Ingia basi unywe maji, mwanangu. Umechoka kukimbia."

Niliaibika kuliko kama angenichapa. Nilikunywa maji, nikapewa na kaimati, na sijui kwa nini, nikamweleza habari za mama na ile chupa. Akaniambia nisijaze gatini, pana mafuta ya mashua, niende mbele hadi maji yaonekane chini. "Na mama yako umpe salamu," akasema. "Mwambie bahari haijahama." Nilienda. Nilivua viatu, nikaingia hadi magotini, nikajaza. Ilikuwa safi kabisa, nakuapia. Nilikuwa hata nimeanza kujiona mtoto mzuri.

Uzuri huo ulifika Mtito Andei.

Wakati wa kurudi tulilala Voi, tukaondoka asubuhi, na kufikia Mtito basi lilikuwa jiko. Tulipoteremka kunyoosha miguu, mwalimu wa historia alipita akijipepea na daftari. "Nani ana maji?"

Soksi ilikuwa mkononi mwangu. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Unaelewa? Kuna vitu mwili hufanya wenyewe.

"Niko nayo, mwalimu."

Nilidhani ataonja tu. Kumbe mwalimu haonji. Aliinua chupa, akapiga mafunda mawili makubwa kabla habari haijamfikia. Ilipomfika, macho yalitoka, na funda la tatu likarudi lote juu ya kapteni wa darasa. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, kwa muda kama wa kupiga makofi mawili, kisha nikamwona mwalimu anageuza chupa juu chini kando ya tairi la basi.

"Mwalimu, hiyo ni ya mama yangu!"

"Basi mama yako ana shida," akasema, na bahari ikaisha kwenye vumbi.

Nilifika nyumbani na chupa tupu saa nane na nusu. Mama hurudi saa kumi na mbili. Susu alikuwa anasinzia kwenye jua nje. Nikawasha jiko. Niliongeza chumvi, nikaonja, nikaongeza, nikaonja, hadi ulimi ukakataa kushiriki. Lakini maji yalionekana ya mtungi tu, hayana safari yoyote usoni. Nikavuka barabara hadi pale wanapojenga nyumba za kupangisha.

"We kijana," fundi akaniita kutoka juu ya ukuta, "hiyo mchanga yangu unapeleka wapi?"

"Baharini, boss."

"Ambia bahari inunue yake."

Nilichota kiganja kimoja, nikakitia chupani. Nikakata pia ukanda wa sukuma wiki uwe mwani, nikautazama, nikautoa. Hata uongo una mpaka.

Jumamosi mama aliwaita akina mama watatu wa kanisa. Sikujua. Nilitoka chumbani nikawakuta wamekaa, kijiko kiko kwenye sahani, chupa katikati ya meza juu ya kitambaa chake kizuri. Nikajua nimekwisha, kwa sababu mmoja wao aliolewa akapelekwa fungate Mombasa. Alipewa kijiko wa kwanza, kama mtaalamu. Alionja. Akafumba macho. Akayazungusha mdomoni muda ambao ningeweza kufika Dagoretti kwa miguu.

"Ya Lamu," akasema hatimaye, "ni kali kuliko ya Mombasa."

"Ni vile ni kisiwa," mwingine akaeleza. "Imezungukwa."

Susu akapakwa magotini, akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Wakamshukuru Mungu. Mimi nikamshukuru pia, kwa sababu zangu.

Mama alionja wa mwisho. Alikishika kijiko kwa mikono miwili, akakaa nayo mdomoni, akameza. "Kumbe iko hivi," akasema polepole, na akatazama dirishani kama kwamba ilikuwa inaonekana kutoka Mutuini. Hapo ndipo mchezo uliponitoka. Nilitaka kusema. Wageni walikuwa wamejaa.

Jioni tulikula ugali na sukuma. Sukuma haikuwa na ladha yoyote. Nilitafuna nikimwangalia mama, naye anatafuna akiniangalia. Susu akauliza chumvi imeenda wapi. Mama akasema atatazama. Alirudi na pakiti niliyoifungua Ijumaa, imekunjwa kama leso, akaiweka mezani kando ya chupa.

Susu alipoenda kulala nilimweleza mama yote: soksi, Mtito, mafunda mawili, mchanga wa fundi. Nilimwambia pia kuhusu yule mama wa leso mbili, na maji yaliyofika magotini mwangu, na salamu zake kwamba bahari haijahama. Nilipofika kwenye kapteni wa darasa, mama aligeuza uso ukutani na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Hakuwa analia. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza kama afisa.

"Kesho utanunua chumvi," akasema. "Susu asijue, magoti yake yameshaamini. Na likizo ya Desemba tunaenda Lamu mimi na wewe, unipeleke kwa yule mama nimsalimie mwenyewe. Chupa nitabeba mimi."