Jina Nililowatangazia Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kiseke, dereva alifunga spika mbili za honi juu ya pikapu, akanipa kipaza sauti na onyo moja: kiwe vidole vinne kutoka mdomoni, la sivyo watu watasikia mate tu. Baadaye nilizunguka na gari la matangazo karibu kila mji wa kandokando ya ziwa, nikitangaza dawa za panya, mechi na harambee za makanisa. Lakini vijana wa kazi hii huniuliza habari za uchaguzi mkuu ule tulioshindwa.

Nilipangiwa vijiji vya njia ya Misungwi. Mgombea wetu wa ubunge alipendwa. Alikuwa bwana mifugo, na ng'ombe wengi wa kule aliwatibu yeye. Tatizo lilikuwa mwenyekiti wa chama taifa. Alisema redioni kwamba mfugaji mwenye ng'ombe wengi ni mvivu aliyejificha nyuma ya mikia, awapunguze. Kwa watu wetu, afadhali angewatukana wakwe zao.

Katibu wa Wilaya aliagiza kila siku nilitaje jina la mwenyekiti. Mgombea akanivuta pembeni, akanisihi wapiga kura wasilisikie, maana ubunge wake ulikuwa mdomoni mwangu. Nikapata njia. Vijijini nilimtaja mgombea peke yake. Tukiteremka bondeni, kwenye malisho, nilimtaja mwenyekiti kwa sauti yote, ng'ombe wakigeuza shingo. Jioni nilimwambia Katibu, bila uongo, kwamba jina limetajwa mpaka koo limekauka.

"Safi, kijana," alisema. "Lizoeleke."

Chama kilishindwa nchini, na sisi tulishindwa vibaya zaidi. Nikiwa njiani kumpa mgombea pole, nilimwamkia mama mmoja mzee, nikamuuliza kama hawakumtaka bwana mifugo.

"Tulimtaka, baba. Lakini ukimchukua yeye, unachukua na yule mwenyekiti. Nawe ulitukumbusha kutwa nzima."

"Mama, kijijini sikumtaja hata mara moja."

"Kijijini alikuwepo nani? Kiangazi kile wote tulishinda bondeni, kwenye maji."

Nikaikumbuka milango niliyoihutubia kwa mapenzi yale. Yote ilikuwa na kufuli.

Bwana mifugo alirudi kwenye sindano zake, wala hakuninunia. Mimi koo limestaafu kabla ya umri, ila miguu haijakubali, bado nazurura. Nikipita bonde lile, wachungaji huniita kwa jina la mwenyekiti. Naitika. Nani mwingine wa kulaumiwa kama lilizoeleka?