Kadi ya Mlango

Majirani walimwita Kidirisha. Alikuwa na kipande cha boksi alichokitoboa tundu la mstatili katikati, na popote alipokwenda alikitoa mfukoni, akafumba jicho moja na kuchungulia watu kupitia humo. Wasiomjua walimpisha njia. Kumbe ilikuwa kazi: alichora filamu kabla haijapigwa. Kila kitakachoonekana kwenye kamera alikichora kwanza kwa penseli, kadi moja picha moja, akazibandika ukutani kwa mfuatano, ili mwongozaji na mpiga kamera wajue pa kusimama siku ikifika.

Sharti lake moja liliwachosha watu wa nyumbani: hachori kitu mpaka mtu akitende mbele ya macho yake. Mumewe alishaanguka kitandani, alishaporwa saa, alishakufa kwenye kochi mara nyingi, hata siku aliyougua kweli hakuna aliyeshtuka.

Safari hii ukuta wa sebule ulijaa kadi, ukabaki na pengo moja tu. Filamu ilihusu mwanamume anayerudi kwa mkewe baada ya kutoweka miaka mingi. Anabisha hodi, mke anafungua, na hapo mwandishi aliandika neno moja: "Anampokea." Kidirisha alichora mke akilia, mke akikumbatia, mke akizaba kofi. Mwongozaji alizirudisha zote.

"Hizo kila mtu keshaziona," alimwambia kwenye simu. "Kama kesho asubuhi hujaipata, kazi nampa mwingine. Tusilaumiane."

Kidirisha aliipenda kazi ile kuliko zote alizowahi kupata, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakujua. Mtu anampokeaje mtu wa namna hiyo? Anaanza na nini, mikono au mdomo? Basi alasiri hiyo mume akatolewa nje.

"Rudia," alimwambia. "Hujapotea vya kutosha."

"Mke wangu, nimepotea mpaka njaa inaniuma!"

Shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa kwenye kiti anakunja nguo. Kidirisha akamgeukia bila kufikiri. "Shangazi, hebu nisaidie. Mtu wako karudi, anabisha. Unafanyaje?"

Maneno yalipomtoka ndipo akajing'ata ulimi. Ukoo mzima ulijua kwamba mume wa shangazi aliondoka zamani na hakurudi. Lakini shangazi alikwisha kuinuka. Alifungua mlango nusu. Usoni pa yule aliyesimama nje hakutazama hata kidogo. Alitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha sakafu kando ya miguu. Akafunga taratibu na kutia komeo.

"Jamani!" mume alilalama huko nje.

"Shangazi, ulikuwa unatafuta nini?"

"Begi," alisema shangazi. "Anayerudi kukaa huja na begi. Yule alikuja mikono mitupu, nikajua anapita tu."

Kidirisha alishusha kiboksi chake. "Kwani alirudi?"

"Alirudi. Nikafunga, kama hivi." Shangazi alikaa, akachukua shati na kuanza kulikunja upya. "Kesho yake mlinzi ananiuliza, mgeni wako vipi, mbona hakulala? Begi lake aliliacha pale getini. Alisema anaona haya kuingia nalo kabla hajakaribishwa. Basi alipotoka akalibeba, akaenda zake."

Kidirisha aliona uchungu, akatamani kumshika mkono. Lakini udadisi ulimtangulia, kama kawaida yake. "Lilikuwa la rangi gani?"

Aliona aibu papo hapo. Shangazi hakukasirika.

"Sijui, mwanangu. Sikuliona. Na mimi ndicho ninachojiuliza mpaka leo."

Kidirisha alimfungulia mumewe, kisha akachukua kadi. Akachora kama kamera iko juu ya paa: mke mlangoni, mwanamume mikono mitupu, na kule mbali, kando ya geti, begi. Mtazamaji analiona, mke halioni. Alijua kabisa kwamba mwongozaji ataruka kwa furaha. Akampa shangazi kadi na kiboksi.

Shangazi alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu.

"Na huyu naye atafunga?"

"Hapana. Wameandika anampokea."

"Atampokeaje naye kasimama hapo? Kutoka hapo haoni kitu." Alirudisha kadi. "Chora nyingine. Mtoe nje. Ampite huyo bwana, asimwambie neno, aende mpaka getini akaangalie mwenyewe."

Kidirisha akachora. Mke peku, uani, mgongo kwa mumewe. Mke getini, ameinama, mkono umeshika kishikio. Penseli ikasita juu ya lile begi.

"Nilifanye vipi, shangazi? Dogo? Kubwa?"

Shangazi aliweka shati chini.

"Zito," alisema. "Lichore zito, ashindwe kulibeba kwa mkono mmoja."